Bodi Iliyotafuta Meno

Mume wangu Muthoka alikuwa mtu wa "ndiyo". Nasema mapema ili mtu asiniulize baadaye mbona namsengenya marehemu. Sisengenyi, naeleza. Chifu alisema vijana waende Keya, yaani jeshi la Mwingereza, Muthoka akasema ndiyo. Efendi, ofisa wake, akasema pandeni meli mwende Bama, kule Burma, mkapigane na Wajapani, akasema ndiyo. Kule Bama, mwaka wa arobaini na nne, kombora lililipuka karibu naye, chuma kikamwingia mguu wa kushoto chini ya goti. Daktari wa hemani akamfunga bendeji, akamwambia amepona. Muthoka akasema ndiyo efendi, asante.

Hakuwa amepona. Mimi ndiye niliyeishi na ule mguu, mimi Wayua, na najua. Ulikuwa unafunga miezi mitatu, halafu unafunguka wenyewe na kutoa maji ya kijani yenye harufu ya kumfukuza mtu nyumbani. Tulikaa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi, za shamba la katani nje ya Thika. Alianza kama mkataji, akashindwa kusimama, wakampa ulinzi wa usiku, akashindwa kuzunguka. Meneja akamwambia wazi kwamba laini ni za watu wanaofanya kazi. Kama mguu umeumizwa na vita, serikali ya vita ilipe na hospitali ya jeshi kule Nairobi imtibu. Kama hauna karatasi ya vita, afunge virago. Basi shida yetu ilikuwa hiyo moja tu, karatasi ya kusema kwamba mguu huu uliumia Bama.

Mwaka wa arobaini na tisa tuliomba mara ya kwanza. Jibu lilikuja na mistari mitatu. Eti kwenye kitabu chake cha jeshi hakuna jeraha lililoandikwa. Yule daktari wa hemani, kumbe, alikuwa na bendeji lakini hakuwa na kalamu. Muthoka aliposomewa hiyo barua alitikisa kichwa kwa heshima kana kwamba amepewa zawadi, akaikunja, akaiweka ndani ya sanduku lake. Nilikasirika siku tatu. Yeye aliniambia, "Mama Syokau, wakubwa wamesema hakuna." Nikamuuliza kama basi huo uvundo unatoka kwa wakubwa.

Sasa ngoja nieleze habari ya meno, kwa sababu bila hayo huwezi kuelewa ujinga uliofuata.

Sisi Wakamba wa zamani tulichongwa meno. Kijana akifika umri anakwenda kwa fundi mwenye patasi ndogo na kinyundo, anachongwa meno ya mbele ya juu yawe makali. Ndio uzuri wetu ulikuwa huo. Muthoka alichongwa manne, na aliponichekea mara ya kwanza sokoni niliona meno hayo kabla sijaona kitu kingine. Lakini mwaka wa hamsini na moja tuliingia kanisani, na mchungaji wetu alikuwa Pasta Ndambuki. Huyo alikuwa mtu mwenye suti mbili na maoni mengi. Jumapili moja alihubiri saa nzima kwamba meno ya kuchongwa ni meno ya fisi, na mtu mwenye mdomo wa fisi hawezi kugawa mkate wa Bwana. Watu wazima wenye akili zao walisikiliza, wakaenda nyumbani, wakala chakula kwa meno hayo hayo. Mume wangu tu ndiye aliyesema ndiyo.

Jumatatu alikwenda kwa dresa wa shamba, yule anayefunga watu vidonda, akamwambia ayang'oe yote manne. Meno imara, hayana ugonjwa. Dresa alimwuliza mara mbili kama ana wazimu. Alirudi nyumbani na kitambaa cha damu mdomoni, akitabasamu na ufizi mtupu. Mimi nilikwenda kwa dresa nikayadai meno yale, kwa maana kwetu huachi meno ya mtu wako mikononi mwa mgeni. Nikayafunga kwenye kitambaa, nikayatia ndani ya mkebe wa majani ya chai juu ya kabati. Pasta alimfanya Muthoka mzee wa kanisa, na akamshika mkono mbele ya watu.

Mwisho wa mwaka wa hamsini na tatu mguu ulikuwa mbaya sana, na meneja alikuwa ameshatupa tarehe. Mtu akanielekeza kwa mwandishi wa barua huko Ruiru, Mkikuyu aliyeitwa Gerishon, aliyekaa na taipureta yake kwenye baraza ya duka la Mhindi karibu na stesheni. Nikapanda treni. Gerishon alikuwa na koti jeusi ambalo hakulivua hata kwenye jua la Januari, na barua zake zote zilianza na jinsi mwandikaji alivyo mdogo na mnyonge na jinsi mwandikiwa alivyo mkubwa. Nikamwambia atoe hayo maneno, kwa sababu sisi hatuombi sukari. Akanitazama juu ya miwani yake. "Mama, usiponyenyekea kwa ukurasa wa kwanza, hawasomi wa pili," akasema. Lakini ni yeye aliyenifungua macho kwamba kukataliwa si mwisho, kwamba kuna bodi ya kusikiliza rufaa, na kwamba kesi iliyofungwa inaweza kufunguliwa tena. Miaka minne hakuna hata mmoja wa wale wakubwa aliyetwambia hivyo. Walikuwa wamekaa juu yake kama kuku juu ya mayai.

Akatuandikia rufaa, nasi tukaitwa mwezi wa pili. Bodi ilikaa Thika kwenye chumba chenye meza ndefu, watu watatu nyuma yake. Kulikuwa na bwana mkubwa mwenye sharubu nyekundu, daktari mzungu aliyevuta kiko muda wote, na karani wa kuandika. Muthoka alisimama kama amesikia baragumu. Alikuwa ameoga, ameufunga mguu kwa kitambaa changu kizuri, na suruali ndefu juu. Bwana Sharubu akafungua kitabu cha jeshi, akasoma jina, akasoma nambari. Muthoka akaitaja nambari yake kabla hajamaliza. Halafu bwana akasoma alama za mwili, akanyanyua kichwa.

"Fungua mdomo."

Akafungua.

"Hapa inasema meno manne ya juu yamechongwa. Meno iko wapi?"

"Iling'olewa, efendi."

"Nani aling'oa?"

"Dresa, efendi."

"Kwa nini?"

Na mume wangu, mbele ya watu wenye kuamua kama tutalala ndani au nje, akasema, "Kwa sababu ya Yesu, efendi."

Daktari akacheka mpaka kiko kikazima. Bwana Sharubu hakucheka. Huo ulikuwa wakati wa hali ya hatari, na kila mzungu mwenye meza aliona Mau Mau hata chini ya kiti. Akasema mtu huyu si Muthoka. Muthoka halisi labda alikufa, na huyu ni Mkikuyu aliyenunua kitabu cha Mkamba ili ajifiche ndani yake. Karani, ambaye alikuwa wa Machakos, akasema kwa adabu kwamba mzee anaongea Kikamba safi. Bwana akajibu kwamba huku Thika kila mtu anaongea lugha zote mbili. Nikasema alama za vidole vyake kumi zilichukuliwa zamani kwa ajili ya kipande cha kazi, wazitafute. Akasema hizo ziko Nairobi na kuzitafuta ni miezi. Wametupaka wino vidole nchi nzima, na siku moja vidole vilipohitajika vilikuwa mbali. Nikasema kuna wenzake waliopigana naye. Akasema Wakamba watasaidiana. Kila nilichosema alikuwa na kifuniko chake tayari.

Tulikwenda pale kutafuta karatasi ya mguu. Muthoka akaondoka na askari wawili, akatiwa ndani ya kambi ya waya pamoja na Wakikuyu ambao, nijuavyo mimi, hawakuwa na kosa zaidi ya lake. Wakasema bodi itakaa tena baada ya wiki saba. Kama hajathibitishwa ni nani, atapelekwa kambi ya mbali pamoja na hao wengine. Alipokuwa anapelekwa aligeuka akaniambia, "Usijali, watasahihisha." Nilitamani kumpiga.

Kwanza nilikwenda kwa Pasta Ndambuki. Nilifikiri ni jambo la dakika tano. Aandike barua kwamba Muthoka alikuwa na meno yaliyochongwa, na kwamba aliyang'oa kwa sababu ya mahubiri. Pasta alinikaribisha chai. Akasikiliza, akakohoa, akarekebisha tai.

"Dada Wayua, kanisa halijang'oa mtu meno."

"Wewe ulihubiri, pasta."

"Nilihubiri. Kuhubiri si kuamuru."

"Ulisema ni mdomo wa fisi."

"Nilisema kwa mfano." Akashusha sauti. "Hawa wazungu wa misheni wameanza kuuliza-uliza mambo. Barua kama hiyo ikifika serikalini itaonekana tunawakata watu viungo. Na siku hizi, mtu akiandika kwamba anamjua mtu aliye kambini, naye anaandikwa. Tumwombee tu."

Akafumba macho hapo hapo akaanza kuomba. Mimi nikasimama, nikamwacha anaongea na Mungu wake juu ya kikombe changu cha chai. Nimewahi kuona waoga wengi, hata miongoni mwa ndugu zangu, lakini mwoga anayetumia maombi kufungia mlango nilimwona siku hiyo mara ya kwanza. Sikurudi tena kwenye kanisa lake.

Nikaenda Ruiru kwa Gerishon. Akanisomea karatasi niliyopewa na bodi, polepole, mara mbili, kidole chake kikifuata mistari. "Hawa wanataka meno," akasema. "Basi wape meno." Nikamwambia ninayo ndani ya mkebe. Akavua miwani. Akasema meno peke yake yanaweza kuwa ya mtu yeyote, lazima apatikane mtu anayeyajua. Nikamwuliza nani duniani anayajua meno ya mtu. Akasema, "Si ninyi mna fundi?"

Fundi. Nilisimama pale kwenye baraza nikijiona mjinga kuliko wote niliowatukana. Mzee Kitheka, aliyemchonga Muthoka, alikuwa bado hai, huko ng'ambo ya mto Athi. Tangu tuokoke nilikuwa nikikutana naye njiani ninageuza uso, maana pasta alitwambia tusimsalimu mtu wa patasi. Mimi pia nilikuwa nimesema ndiyo.

Nilifika kwake kwa lori la mkaa na kwa miguu. Alikuwa ameketi nje ya nyumba yake akisaga ugoro, macho yana ukungu, anaona vivuli tu. Nikamsalimu kwa heshima zote nilizomnyima miaka mitatu. Akaendelea kusaga. Nikamwambia mimi ni mke wa Muthoka.

"Wale wa kanisa," akasema. "Leo fisi wamekuja kutafuta nini?"

Nikamweleza kila kitu. Nilipomaliza nikafungua kitambaa nikamwekea yale meno mkononi. Akayageuza kwa vidole, moja moja, akipitisha ukucha kwenye makali. Nikaona ana hasira, si ya kelele, ile ya fundi aliyeona kazi yake imetupwa.

"Umeniletea meno bila mdomo," akasema. "Mimi nilifanya kazi hii miaka arobaini, na hakuna mtu aliyewahi kunirudishia kazi yangu hivi." Halafu akashika moja. "Hili la pili kushoto. Nilikuwa nimeshagonga mara tatu vizuri. Mara ya nne nzi akamwingia sikioni, akarusha kichwa. Likavunjika kwa upande. Baba yake alitaka kunipa nusu ya mbuzi badala ya mzima."

"Utakuja Thika uwaambie hivyo?"

"Kwa wazungu?" Akacheka kidogo. "Nitakuja. Nataka kuona mtu aliyekubali meno yangu yang'olewe."

Siku ya bodi nilimshika mkono nikamwingiza. Muthoka aliletwa kutoka kambini. Alikuwa amekonda, mguu umevimba mpaka suruali imebana, na harufu ilimtangulia. Wiki saba hakuna mtu aliyembadilishia kitambaa, na ni kile kile changu kizuri. Bwana Sharubu akamwuliza mzee kama ataapa kwa Biblia. Mzee Kitheka akasema hakijui hicho kitabu, lakini anaijua kazi yake. Wakashauriana, wakamruhusu.

Akawekewa meno mkononi, akayataja. Hili la kwanza, hili la pili, hili lililovunjika kwa upande, na akawaeleza ya nzi na ya mbuzi. Karani akatafsiri, na nilimwona anang'ata mdomo asicheke. Bwana Sharubu akasema hadithi ni nzuri lakini mtu anaweza kutunga. Hapo karani, Mungu ambariki, akasogeza kitabu cha jeshi mbele yake akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Daktari wa mwaka wa arobaini, aliyewapima wakiandikishwa, alikuwa mtu wa kuangalia vizuri. Alikuwa ameandika kwamba meno manne ya juu yamechongwa, na la pili kushoto limevunjika vibaya.

Bwana Sharubu akasoma. Akachukua lile jino kutoka mkononi mwa mzee, akalishika mbele ya dirisha, akalilinganisha na maandishi. Akageuka mwekundu kama sharubu zake. Wiki saba kitabu kilikuwa kwenye meza yake, na hakuwa amesoma mstari mpaka mwisho.

"Vema," akasema. "Bodi imeridhika kwamba huyu ni Muthoka. Anaweza kwenda nyumbani."

Nikangoja. Akafunga kitabu.

"Na mguu?" nikauliza.

"Mguu ni jambo lingine. Leo tulikuwa na swali la mtu ni nani. Kwa mguu ataleta ombi jipya, lianze mwanzo. Karani atamjazia fomu."

Mwanzo. Nilitazama wale watu watatu na nikaona kwamba hawaoni haya hata kidogo. Hawakuwa watu wabaya sana, na hilo ndilo lililonichukiza zaidi. Walikuwa watu wanaotaka kwenda kula. Nilijua pia mume wangu atasema nini, na nilikuwa nimeshaanza kukusanya meno yangu kwenye kitambaa ili tutoke.

Karani akachukua fomu. Jina, akaandika. Nambari, akaandika. Kabila, akaandika. Halafu akafika kwenye alama za mwili, akanyanyua macho akautazama ule mdomo mtupu, akasita, hajui aandike nini.

"Alama ya mwili?" akauliza.

Muthoka hakusema ndiyo. Aliinama, akapandisha suruali, akafungua kile kitambaa polepole kwa sababu kilikuwa kimeshikana na nyama. Halafu, mtu ambaye hajawahi kuketi mbele ya efendi bila kuambiwa, akashika meza kwa mkono mmoja, akaunyanyua mguu wake wa kushoto, akauweka juu ya meza, juu ya fomu na juu ya kitabu cha jeshi, mbele ya pua ya daktari.

"Andika hii," akasema.

Daktari akarudi nyuma na kiti chake. Bwana Sharubu akasema, "Toa huo mguu!" Muthoka hakuutoa. Usaha ulikuwa unashuka kwenye karatasi za serikali. Tangu mwaka wa arobaini na tisa walikuwa wamejadili mguu ule kwa barua, kwa rufaa, kwa meno, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa bodi kuuona.

Daktari ndiye aliyesogea tena. Labda aliona aibu, labda ni mazoea ya kazi, sijui. Aliweka kiko chini, akabonyeza kwa kidole gumba chini ya goti. Muthoka akakaza uso. Daktari akabonyeza tena, akasikiliza kwa vidole jinsi mzee Kitheka alivyofanya kwa meno.

"Kuna chuma humu ndani," akasema. "Kikubwa."

"Ni ya Bama," Muthoka akasema.

Bwana Sharubu akamwambia karani aandike. Karani alilazimika kuvuta fomu nyingine, maana ile ya kwanza ilikuwa chini ya kisigino. Akaandika. Kisha Bwana Sharubu akasema imeshaandikwa, sasa mzee ashushe mguu.

"Bado," Muthoka akasema. Akanigeukia. "Mama Syokau, njoo usome kama wameandika."

Nilikuwa nimejifunza kusoma kwenye darasa la ubatizo, kwa shida, herufi baada ya herufi, tena maandishi ya karani yalikuwa ya haraka. Nilisoma kwa sauti, polepole, na wote wakangoja, bwana mkubwa na daktari na askari mlangoni. Mguu wa kushoto. Chini ya goti. Chuma cha vita ndani yake. Nikasoma mara ya pili kuhakikisha. Nikamwambia ndiyo, wameandika.

Hapo ndipo akaushusha mguu.